Pasipoti Tatu, Watu Wanne

Kalekye Ndeti alikutwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha ghala lake la kahawa, Kangundo, akiwa amevaa koti la sufi na viatu vipya. Jua la Februari mwaka 2006 lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kwa nini mtu avae koti la sufi katika joto kama hilo? Swali hilo lilimwasha Inspekta Aloys Makokha kabla hata hajaitazama damu.

Ndivyo alivyokuwa Aloys. Wenzake kituoni Machakos walimtania kwamba angeweza kusimamisha mazishi ili aulize jeneza limetengenezwa kwa mbao gani. Alikuwa mtu wa Kakamega, hajamaliza hata mwaka mmoja Ukambani, na mengi ya huku bado yalikuwa mapya machoni pake.

"Pigo moja," alisema Sajini Syombua, akiinuka kutoka penye maiti. "Kisogoni. Kitu butu."

"Silaha?"

"Hatujaiona, afande."

Kando ya maiti palikuwa na sanduku jekundu la magurudumu. Aloys alivaa glavu akalifungua. Ndani mlikuwa na nguo za mama mtu mzima, nguo za watoto, na pasipoti tatu za buluu za kisiwa cha Santa Mirela, huko Karibea. Moja ilikuwa ya Kalekye. Nyingine mbili zilikuwa za watoto, Laban na Wendy.

Aloys alizigeuza na kuzigeuza tena. Marehemu alijulikana tarafa nzima kwa biashara yake ya vyondo, vikapu vya kusukwa alivyokuwa akinunua kwa wasusi na kuwauzia Wazungu. Lakini alizaliwa Kangundo na alizeeka Kangundo. Uraia wa Karibea aliupata wapi?

Mlangoni pa jikoni aliketi mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono mapajani. Aliitwa Ndanu. Ndiye aliyepiga kamsa, majirani wakaja mbio.

"Pole sana, mama," Aloys alimwambia. "Mume wako yuko wapi?"

Ndanu alimtazama asiamini kwamba anaulizwa hivyo.

"Mume wangu ndiye huyo mmefunika."

Aloys alidhani mshtuko umemvuruga akili. Syombua alimvuta kando kwa adabu.

"Anasema kweli, afande. Kalekye alifiwa na mumewe kabla hawajapata mtoto. Kwetu mwanamke kama huyo anaweza kuoa. Anatoa mahari, anamleta msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa boma lake. Huyo msichana tunamwita iweto. Si mambo ya kitanda. Ni ili jina la boma lisipotee."

"Na baba wa watoto?"

"Huyo haulizwi."

Aloys alikuwa na maswali mengine kumi, lakini aliuma ulimi. Alirudi kwa Ndanu.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa kahawa, nikichuma. Nilienda tu watoto wakishatoka kwenda shule. Kurudi nikampata hivyo."

"Ulijua anasafiri?"

"Alisema anaenda Nairobi."

"Na nguo za watoto ndani ya sanduku?"

Ndanu alitazama chini. "Sijui, afande."

Kabla maiti haijaondolewa, gari jeupe liliingia uani. Kijana mmoja aliyevaa tai aliteremka, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Mama yuko tayari? Ndege haitatungoja." Halafu akaliona blanketi la polisi. Akajaribu kurudi garini, lakini Syombua alikuwa ameshaushika mlango.

Kijana huyo aliitwa Lenny. Kazi yake ya mchana ilikuwa kutoa forodhani mizigo ya viwanda vya kuuza nje, pale EPZ Athi River. Ile nyingine ilikuwa kuwatafutia matajiri uraia wa nchi za mbali, na hiyo ndiyo iliyomleta kwenye chumba cha mahojiano.

"Ulimtapeli," Aloys alianza. "Alipokushtukia ukamuua."

"Hapana, afande. Pesa ilifika huko. Mama alinunua hisa kwa hoteli, serikali ya kile kisiwa ikampa uraia. Ni sheria yao. Ukiwekeza kwao unakuwa mwananchi."

"Na wewe unapata nini?"

"Kamisheni. Angenilipa leo tukifika eapoti. Sasa niue mtu hajanilipa?"

Hoja hiyo ilikuwa na mashiko, na Aloys alichukia kidogo kwamba ilikuwa na mashiko.

"Sheria ya Kenya haikubali uraia wa nchi mbili. Alijua?"

"Nilimwambia mwenyewe. Ukichukua huu, ule unaenda. Akasema uende."

"Kwa nini?"

Lenny alilegeza tai. "Aliitwa kwa maonyesho huko Ulaya, apeleke vyondo. Ubalozi ukamnyima viza. Kijana wa dirishani akamwuliza mbele ya watu, 'Mama, tukikuruhusu utarudi kweli?' Mtu ako na shamba, ako na nyumba ya mawe! Akaniambia watoto wake hawataulizwa hilo swali na mtu yeyote. Hata koti nilimwambia avae, ndege ingepitia Ulaya kwanza na huko ni baridi."

"Na mke wake je?"

"Hapo ndipo kulikuwa na shida." Lenny alijikuna kichwa. "Aliandikisha Ndanu kama mke wake. Wakakataa. Akarudisha tena vilevile. Wakakataa. Kule mwanamke haoi mwanamke. Nikamwambia twende na watoto tu. Hao walizaliwa nyumbani, wakaandikishwa yeye ndiye mama, kwa hivyo hakuna mtu aliuliza."

"Ndanu alikuwa anajua anaachwa?"

"Mama alisema atamwambia mwenyewe, siku ya safari."

Aloys aliweka kalamu chini. Mpaka hapo alikuwa akifuata kisa hiki kwa hamu, kama anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Sasa kilimrudisha mlangoni pa jikoni, kwa Ndanu. Alipiga simu Athi River, na mlinzi wa lango akathibitisha kwamba asubuhi yote Lenny alikuwa pale akibishania mzigo. Kijana aliachiliwa, akaambiwa asitoke nje ya nchi, jambo ambalo kwa kazi yake lilikuwa adhabu tosha.

Kesho yake daktari aliyempasua marehemu alimwita Aloys, akamwonyesha kijisahani cha kioo.

"Hiki kilikuwa ndani ya jeraha, kimegandamana na nywele."

"Ni nini?"

"Ganda la punje ya hindi. Bichi. Na jeraha lenyewe limetokana na kitu cha mviringo, kizito, laini. Mbao, nafikiri."

Walirudi Kangundo mchana huohuo. Uani nyuma ya jikoni palikuwa na kinu, na ndani yake mlikuwa na mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, nusu yamemenyeka, nusu bado yana maganda. Yalikuwa yameanza kuchacha. Aloys alijilaumu moyoni. Jana alikipita kinu kile mara tatu, akili yote iko Karibea.

"Syombua, muthokoi hutwangwaje?"

"Unatia maji kidogo, unatwanga mpaka maganda yatoke, unapepeta. Ukishalowesha unamaliza papo hapo. Ukiacha yanaharibika."

"Basi kuna mtu aliacha jana." Alimgeukia Ndanu. "Nani alikuwa akitwanga?"

"Mimi. Juzi."

"Ya juzi yangekuwa yameoza. Na mchi uko wapi?"

Macho ya Ndanu yalikimbilia kwenye shamba la kahawa, yakarudi upesi. Aloys aliyaona. Askari wawili waliingia shambani wakafukua matandazo ya nyasi mstari baada ya mstari, na haikuchukua muda wakatoka na mchi. Ulikuwa umeoshwa, ila damu ilibaki kwenye ufa wa mbao.

Ndanu aliketi chini, palepale penye vumbi.

"Nilikuwa natwanga," alisema. "Akatoka amevaa koti. Akaniambia, 'Leo tunaenda, mimi na watoto. Nawapitia shuleni.' Nikamwuliza, na mimi? Akasema karatasi za kule hazinijui."

"Hakusema atakuita baadaye?"

"Alisema atajaribu, niende kama mfanyakazi wa nyumba. Nikae na watoto wangu kama mfanyakazi. Nikamwambia hapana, hao nimezaa mimi. Akaniambia, 'Ulinizalia mimi.'" Alijifuta uso kwa leso. "Na ni ukweli, afande. Ndivyo tulikubaliana siku ya mahari. Akanipa kisogo, akaenda kufunga ghala. Mchi ulikuwa mkononi."

"Alikuwa mkali kwako?"

"Kalekye? Hapana. Alikuwa mume mzuri. Hakuna siku alinipiga. Mamangu akiwa mgonjwa, yeye ndiye alimlipia hospitali." Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Aloys alimsomea haki zake kwa sauti ya chini. Alimhurumia, na hakuona haya kumhurumia. Alimhurumia na Kalekye pia, aliyepigania jina la mke wake mbele ya serikali ngeni, kisha akakosa ujasiri wa kumwambia mapema.

Walipomfunga pingu, Ndanu alimgeukia Syombua.

"Watoto watabaki na nani?"

Syombua alimfungulia mlango wa gari. "Wewe unajua desturi. Ni watoto wa boma hili. Mzee Nzau, ndugu wa marehemu mume wa Kalekye, atatumiwa habari leo. Atakuja kuwachukua, wakakae kwake Masinga."

Ndanu alikung'uta vumbi kwenye nguo kwa mikono iliyofungwa.

"Nzau hawajui," alisema. "Amewaona mara moja tu, kwa harusi ya jirani." Aliingia kwenye gari la polisi, akainamisha kichwa apite mlango, kisha akageuka tena. "Wendy hulala taa ikiwaka. Mwambieni asizime."