Kidato cha Saba

Kila Jumamosi baada ya chai, Shirleen alichukua brashi ngumu na kizoleo, akapanda juu kuanza kusafisha ngazi. Nyumba waliyopanga Kitengela ilikuwa na ghorofa moja, na ngazi zake zilikuwa na vidato kumi na vitatu vilivyofunikwa zulia la kijivu. Anayeijua Kitengela analijua vumbi lake. Malori yakipita na upepo ukivuma, hata ufunge madirisha yote, utalikuta limeshaketi sebuleni kama mgeni aliyealikwa.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. "Anza juu ushuke chini. Toa mchanga kwa kona zote, uzoe, usiusukume kwa kidato cha chini. Halafu bonyeza hapa mbele na kiganja. Kama kapeti inasonga, uniambie siku hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mama alisisitiza hilo kwa sababu ya Dani. Bibi huyu, mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Homa Bay mwezi wa Januari kutibiwa macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni, na daktari alikuwa amempa tarehe ya upasuaji mwezi wa Mei. Kwa sasa hakuviona vidato. Alivihesabu kwa Kijaluo, mkono mmoja ukutani: achiel, ariyo, adek, mpaka kumi na tatu. Kidato cha katikati kilikuwa abiriyo, yaani saba, akipanda au akishuka.

"Hiyo ya katikati haiwezi kunipotea," alipenda kusema huku akicheka. Alijivunia hesabu yake, na hakutaka kushikwa mkono na mtu.

Shirleen hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mvivu wa kona tu. Brashi yake ilipita katikati, pale panapoonekana, na mchanga wa pembeni akausukuma chini ya ukingo wa zulia. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi alibonyeza kidato cha saba, na zulia likasonga. Alipolivuta kidogo, msumari mmoja ulitoka na kudondoka mkononi mwake, umeliwa na kutu.

Nje, rafiki yake Seleyian alikuwa akimwita kwa sauti kubwa. Kamba ilikuwa tayari, wengine walikuwa wameanza kuruka. Shirleen alijua kwamba akisema, Mama ataanza kuuliza habari za kona. Akaurudisha ukingo kwa kidole, akaubana mpaka ukalala vizuri, akautia msumari mfukoni.

Dani alimsikia akishuka. "Nyakwara, mjukuu wangu, ngazi ziko sawa?"

"Ziko sawa, Dani."

Jumamosi iliyofuata aliulizwa tena, akajibu vilevile. Mara hiyo hata hakubonyeza.

Siku ya Jumatano iliyofuata, Shirleen alikuwa mezani akifanya kazi ya shule, Mama akiwa jikoni. Dani alianza kushuka kutoka chumbani mwake, akihesabu kwa sauti yake ya kila siku. Abich. Auchiel. Shirleen aliinua kichwa. Alitaka kusema kitu, lakini mdomo ulichelewa. Abiriyo haikutamkwa. Ulisikika mkwaruzo wa zulia, kisha kishindo, kisha kingine, na Dani akawa chini, mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alilazwa hospitalini wiki tatu. Aliporudishwa, kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na Shirleen alikuta bibi ambaye hakumfahamu. Hakucheka tena. Akipewa dawa, alikataa kuzihesabu.

"Nihesabie wewe," alimwambia Mama. "Mimi kichwa imeharibika. Niliruka namba. Ngazi ya kila siku, na nikaruka namba."

Kila mtu aliamini hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Zulia lilikuwa limelala tena mahali pake, na hakuna aliyelitazama. Jioni moja Baba alikaa kando ya kitanda, akizungushazungusha kofia yake mikononi.

"Mama, ukipata nguvu kidogo nitakupeleka nyumbani. Huko hakuna ngazi."

"Na macho?" mama yake Shirleen akauliza. "Daktari amesema bado anaweza kupasuliwa."

"Wachana na mambo ya macho," Dani akajibu. "Macho ni ya nini kama akili imeenda? Nipelekeni nyumbani nikangoje siku yangu."

Shirleen aliyasikia yote hayo akiwa mezani. Nyonga alikuwa amekwisha kuivunja. Sasa alikuwa karibu kumnyang'anya Dani macho na akili pia, kwa kunyamaza tu. Aliogopa sana, tena aliona haya kuliko alivyoogopa. Akaenda chumbani, akarudi na ule msumari, akauweka kwenye kiganja cha bibi yake.

"Dani, hukuruka namba," akasema, machozi yakimtoka. "Nilikusikia. Ulisema auchiel, ukaweka mguu kwa abiriyo vizuri kabisa. Kapeti ndiyo ilikuwa imeachia. Nilijua. Nilikwambia ziko sawa, na nilijua."

Baba alisimama, akaenda kuvuta zulia kwenye kidato cha saba. Liliinuka lote mkononi mwake. Mama aliketi chini hapo hapo alipokuwa.

"Ulijua tangu lini?" Dani akauliza.

"Jumamosi mbili kabla hujaanguka."

Dani alifunga kiganja juu ya msumari, akageuza uso ukutani. Hakuna aliyempiga Shirleen, na siku hiyo angependa kupigwa. Dani hakumsemesha siku nne.

Jumamosi, Baba alimwita fundi Mutunga, na Shirleen akaamriwa kukaa naye mpaka amalize. Fundi alifunua zulia kidato baada ya kidato. Chini ya ukingo mchanga ulikuwa umejaa, na mahali pengine nyuzi zilikuwa zimekatika.

"Unaona?" fundi akasema. "Huu mchanga ukikanyagwa unakata kapeti kama msumeno. Na hapa kuna mtu alimwaga maji hakukausha, misumari ikashika kutu. Ungesema mapema, ni kazi ya dakika kumi tu."

Walizoa mchanga ukajaza kizoleo mara tatu. Shirleen alipiga brashi kila kona mpaka vidole vikachubuka, na fundi akapigilia misumari mipya. Walipomaliza, Dani alimwita kitandani.

"Keti. Uvivu wa kufagia ningekusamehea siku hiyo hiyo, hata mimi nilikuwa mtoto. Lakini mimi sina macho, Shirleen. Nilikuwa nakanyaga ile neno uliniambia. Ukiona kitu kimeharibika, sema, hata kama ni wewe umeharibu. Kitu ikisemwa inatengenezwa. Ikifichwa, inangojea mtu."

"Nisamehe, Dani."

"Nimekusamehe. Nyonga ndiyo bado." Kisha akamgeukia Baba. "Omolo, mwambie daktari nitakuja. Akili yangu iko."

Macho ya Dani yalipasuliwa mwezi wa Julai, na sasa anaona. Lakini nyonga haikupona sawasawa. Anatembea kwa mkongojo hapo sebuleni, na juu hakupanda tena.

Kila Jumamosi Shirleen husafisha ngazi akihesabu kwa sauti, kwa Kijaluo, kutoka juu. Dani hukaa chini akimsikiliza, ingawa sasa angeweza kutazama tu.

"Abich. Auchiel. Abiriyo."

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, Dani. Haisongi."

"Bonyeza tena."

Naye hubonyeza tena.