Sogea, Kaka

Sogeeni, wajukuu, na mnyamaze. Haya yalimpata rafiki yangu Athanas wa Mgeta. Kwetu Waluguru shamba la mama hurithiwa na binti, lakini yeye alilitaka. Dada yake Filomena alipopata donda la sukari mguu wa kulia, Athanas alikataza asiteremshwe hospitali, mpaka akafa.

Sukari ikamtoboa na yeye, unyayo wa kushoto. Hospitali ya mjini wakamfungia peke yake ndani ya mtungi mkubwa wa oksijeni, wa kuponyesha vidonda. Hewa ikavuma, masikio yakaziba, kisha sauti ya kike ubavuni mwake:

“Sogea, kaka. Leo tunateremka wote.”

Nesi akauliza kwa spika, “Babu, humo umelala na nani?”

Walipofungua, unyayo ulikuwa umepona. Shamba alilirithi Hosiana, binti wa Filomena. Athanas alirithi donda la mguu wa kulia, limefungwa kipande cha khanga aliyozikwa nayo dada yake.