Mpungate wa Doto

Siku ya tisa bila kumwagiliwa, mchanga wa mpungate ulikuwa umelowa.

Kulwa aliugusa kwa kidole, akadhani mama yake amesahau. Mpungate ule ulikuwa wa pacha wake, Doto, aliyekuwa mhudumu wa hoteli moja Mikumi hadi homa ilipomchukua mwezi wa tatu. Ulikuwa mviringo, mnene kama pipa dogo, umejaa miiba ya manjano. Baada ya mazishi waliuleta Kilosa pamoja na nguo za marehemu, na mama yao, Mama Hildegarda, akauweka sebuleni, dirishani penye jua. Masharti ya Doto ya kuutunza aliyajua kwa moyo: mchanga wenye kokoto, jua la kutosha, maji kidogo kila baada ya wiki mbili. Ukizidisha, unaoza.

"Mama, umeumwagilia?"

"Mimi? Siku yake bado."

Kesho yake, saa saba mchana, jua limesimama utosini na mtaa mzima umenyamaza, Kulwa akiwa jikoni alisikia mtu akigugumia maji sebuleni. Kisha sauti ikasema, "Mama, nina kiu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akajishika mdomo, ulikuwa umefumba. Yeye na Doto walifanana sauti kiasi kwamba hata marehemu baba yao aliwachanganya kwenye simu.

Alipochungulia, alimwona mama amepiga magoti, kata mkononi, akimimina maji kwenye chungu, uso umejaa furaha ambayo Kulwa hakuwa ameiona tangu msiba.

Tangu siku ile ikawa ndoo nzima kila mchana. Mpungate haukuoza. Ulinenepa hadi chungu kikapasuka, sebule ikanuka tope la mto na maua yaliyovunda, na kadiri ulivyonenepa ndivyo mama alivyokauka, midomo ikachanika, ngozi ya mikono ikawa kama gome, machozi yakagoma kutoka hata alipolia, na kila Kulwa alipomshika kumwondoa pale dirishani alisukumwa kwa nguvu zisizo za mwanamke wa miaka sabini, huku mama akinong'ona, "Niache, namnywesha mwanangu."

Kulwa alipanda gari hadi Dumila kumfuata Mzee Ashrafu, anayetibu kwa dua.

Mzee aliingia, akanusa, akafunga mlango. Akafukiza ubani, akasoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Miiba ikaanza kutikisika, ilhali hapakuwa na upepo.

"Umeingiaje nyumba hii?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Niliitwa," jini likajibu kutoka ndani ya mpungate, kwa sauti ile ile ya mapacha. "Mama huyu alilia hapa dirishani, akauliza kwa nini hakuchukuliwa yule pacha mwingine. Nikaukuta moyo uko wazi, nikaingia."

Mama Hildegarda aliinamisha kichwa.

Mzee akapaza kisomo. Mpungate ukapasuka kwa kishindo, maji meusi yakatapakaa sakafuni, na kitu kikatoka dirishani kikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mabaki wakayazika ng'ambo ya Mto Mkondoa, jua bado liko juu.

Akimsindikiza stendi ya mabasi, Kulwa alimshika mkono mganga. "Mzee, yale maneno liliyosema..."

"Majini ni waongo, mwanangu," alijibu Mzee Ashrafu. Lakini hakumtazama usoni.

Wiki ya pili mama alianza kula. Kulwa alikuwa akimlisha uji, kijiko kwa kijiko, alipopata ujasiri.

"Mama, kweli uliyasema?"

Mama alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Doto asingeniuliza swali kama hilo," alisema.

Kulwa alichota kijiko kingine, akakipuliza, akampa.