Mwisho Aliousoma Shangazi

Jumamosi katika saluni ile hupati hata mahali pa kuweka mkoba. Wanawake watano walikuwa wakingoja zamu, wawili walikuwa chini ya mashine za kukaushia nywele, mmoja alikuwa mikononi mwa Msusi, na ajabu ya Mungu, hakuna aliyepiga soga. Wote walikuwa wakimsikiliza Shangazi.

Shangazi yake Msusi alikaa nyuma ya meza ya malipo, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma riwaya kwa sauti. Ilikuwa riwaya iliyovuma mji mzima mwaka ule: nesi anampenda fundi saa, fundi saa anakwenda migodini kutafuta maisha, anaahidi kurudi. Watu waliibishania kazini, sokoni na vitandani, ila kumtajia mwisho wake asiyemaliza ilikuwa mwiko. Asiyekuwa na nafasi ya kuisoma, alisomewa na Shangazi huku akisukwa.

Mlango ukasukumwa kwa bega. Kikaingia kioo kirefu chenye miguu miwili, na wanawake wakajiona wao wenyewe kabla ya kumwona aliyekibeba.

"Hodi! Nimeleta kioo."

"Shhh!" wakamjibu wote kwa pamoja.

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, glavu nene mikononi. Akakiegemeza kioo ukutani polepole na kuanza kazi kimyakimya. Shangazi alipofunga sura, fundi alikuwa bado ameshika skrubu ileile aliyoishika mwanzoni.

"Samahani, mama," akasema. "Huyo fundi saa aliaga, au alitoroka?"

Saluni ikaangua kicheko. Msusi akageuka, chanuo kimechomekwa nyweleni, gauni la njano chini ya aproni nyeusi. "Fundi, umekuja kufunga kioo au kusikiliza hadithi?"

"Kioo, dada yangu. Ila mmenikamata."

Alipomaliza, alimweleza Msusi kwa uso wa daktari kwamba gundi ile inahitaji siku nne kukauka, na itabidi aje kuikagua kila siku. Msusi akasema sawa. Mama Pacha, mteja ambaye jicho lake halipitwi na kitu, akamkonyeza Shangazi.

Basi gundi ikakaguliwa siku nne, na baada ya gundi zikaja simu. Kila jioni Msusi alipofunga duka, simu ililia.

"Bwana Vioo, leo una maoni gani?"

"Nesi ana subira mpaka inaniuma. Mimi ningekuwa yeye ningempigia kelele huyo jamaa."

"Wewe hungekuwa yeye. Wewe ndiye ungekuwa unapigiwa kelele."

"Nipigiwe tu, laazizi, mradi sauti iwe yako."

"Acha utani wako!" Lakini alikuwa akicheka peke yake barabarani kama mwehu, na hakujali.

Jioni moja utani ulikwisha, Msusi akamwambia jambo zito. "Siogopi mtu asiye na kitu. Naogopa mwongo. Niliwahi kuvishwa pete na mtu aliyekuwa na mke mji mwingine. Alianza na uongo mdogomdogo, niliona, nikanyamaza."

"Pole, kipenzi. Mimi nitanunua kitabu changu. Tukimaliza wote tuzungumze mwisho wake, halafu nina neno nataka kukuuliza."

Neno gani? Hakusema. Msusi hakulala vizuri wiki ile, na usingizi wenyewe hakuutaka.

Ijumaa Shangazi akafika mwisho. Akasoma kwa sauti nzito: miaka ikapita, fundi saa hakurudi, nesi akafungua zahanati yake, akaishi. Akafunga kitabu, akakitia kwenye droo ya meza. Mteja mmoja, karani wa benki, akalia hadi rangi ya macho ikamchuruzika. Mama Pacha akasema heri hivyo, wanaume ndivyo walivyo. Walibishana mpaka maji ya kuoshea nywele yakapoa.

Kesho yake Bwana Vioo akaingia, safari hii bila ovaroli: shati jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, viatu vinang'aa.

"Nimemaliza!" akasema kwa furaha. "Jamani, pale anapogonga mlango na mkongojo wake, nesi hataki kufungua... nilijikuta nimesimama chumbani!"

Wanawake wakatazamana.

"Nani kagonga mlango?" akauliza Msusi.

"Fundi saa. Si amerudi?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. "Huyu hajasoma!" akasema Mama Pacha. "Kajitungia lake!" Bwana Vioo akamgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa ameinama, anahesabu vibanio.

Msusi hakucheka. Kumbe hata kitabu? Uongo mdogomdogo, ndivyo unavyoanza.

"Kama hukusoma ungesema tu," akamwambia taratibu. "Nisingekuchukia."

"Nimesoma."

"Basi sisi sote humu ni viziwi?"

Bwana Vioo akamtazama. Angeweza kusema, ngoja nikakilete. Nyumbani kwake hapakuwa mbali. "Siwezi kukuletea kitabu kama mshitakiwa anayeleta ushahidi," akasema. "Ama unaniamini, ama huniamini."

Msusi akageukia nywele za mteja. Mlango ukafungwa polepole, kwa mkono wa mtu aliyezoea vioo.

Simu za jioni zikakoma. Msusi alisuka nywele zikawakaza wateja hadi wakalalamika. Shangazi alianza kuwasomea riwaya nyingine, nzuri tu, lakini haikumwingia.

Jumatatu saluni haina watu. Shangazi alitoka kununua sabuni, na Msusi, akitafuta vibanio kwenye droo ya meza, akakikuta kile kitabu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimebanwa pamoja kwa kibanio cha nywele. Miezi yote ile alikuwa amekisikia tu, mikono yake ikiwa na kazi. Akakaa chini ya mashine ya kukaushia, akaondoa kibanio, akasoma mwenyewe.

Shangazi aliporudi alimkuta na machozi mashavuni.

"Amerudi, Shangazi."

Sabuni ikawekwa mezani. "Ndiyo."

"Kwa nini ulitudanganya?"

"Mimi? Kitabu ndicho kilichodanganya, mimi nilikisahihisha." Shangazi akavua miwani, na bila miwani alionekana mkubwa kuliko umri wake. "Mume wangu naye aliaga vizuri, mwanangu. Akanibusu paji la uso. Nilipika chakula cha watu wawili miaka mitatu. Nilipofika pale fundi saa anagonga mlango, ulimi ukakataa. Nikasema, nisiwape watoto wa watu tumaini ambalo sijaliona kwa macho yangu."

"Na yule kijana ulipomwona anachekwa?"

"Nilidhani nakuokoa." Akaikunja miwani mkononi. "Nilijiokoa mimi na aibu. Nisamehe, mwanangu."

Msusi akamkumbatia, maana hasira yenyewe haikupata pa kukaa. Kisha akachukua simu. Ililia mpaka ikakatika. Mara ya pili ikapokelewa.

"Amerudi," Msusi akasema.

"Nani?"

"Fundi saa. Nimesoma mwenyewe. Shangazi alibadilisha. Ulikuwa unasema kweli."

Nyuma yake ilisikika mashine ikisaga kingo za kioo. "Kwa hiyo ilibidi kitabu kinitetee," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Ndiyo. Nimekosea. Nilikupima kwa makosa ya mtu mwingine. Nakupenda, na nimekosea."

"Nina kioo mkononi, nitakata simu." Akakata.

Jumamosi ikaja, saluni ikajaa. Shangazi akasimama, akagonga meza kwa chanuo. "Wanangu, niliwasomea uongo. Leo nawasomea kweli." Kelele zilizozuka hazielezeki. Mama Pacha alidai arudishiwe huzuni yake yote.

"Lakini kwanza," akasema Shangazi, "nataka fundi wa vioo." Akapiga simu. "Mwanangu, njoo. Kuna kioo kimevunjika hapa." Akakata, akachukua kioo chake cha mkononi, akakipiga ukingoni mwa meza. Kra! "Nimeapa sisemi uongo tena," akawaeleza.

Bwana Vioo akafika na glavu zake, akatazama kuta zote. "Kipi?"

Shangazi akamwonyesha kile kidogo. Kijana akataka kukasirika, kicheko kikamshinda. Shangazi akamsogezea kiti katikati ya saluni na kumpa kitabu. "Mimi sijui kuusoma mwisho huu. Tusomee wewe."

Akasoma. Alijikwaa hapa na pale, lakini alipofika mlangoni, mkongojo, nesi anashika komeo hajui afungue au asifungue, karani wa benki alikuwa keshalia tena. Mlango ukafunguliwa. Hapo mwisho. Mama Pacha akakohoa, akasema mvuke wa mashine unaingia machoni.

Bwana Vioo akasimama mbele ya Msusi, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya nywele.

"Nilikuambia uongo mmoja," akasema. "Ile gundi hukauka kwa siku moja."

"Huo nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Huo niliupenda."

Bwana Vioo akacheka, halafu uso ukatulia. "Lile neno langu bado lipo. Nataka kukuoa. Mimi siendi migodini, ila kutwa nitakuwa nje na vioo vyangu, na usiku nitakuja na maneno ambayo hukuyaona kwa macho. Utaweza?"

Msusi alimtazama Shangazi, aliyekuwa amekunja mikono kifuani kama anayengoja hukumu yake mwenyewe. Kisha akamgeukia Bwana Vioo.

"Rudi tu," akasema. "Mlango nitafungua kwanza. Kuuliza nitauliza ukishakaa."

Vigelegele vikapasuka mpaka wapita njia wakachungulia. Shangazi akavaa miwani yake, akachukua kitabu, akarudi kwenye ukurasa wa mlango, na safari hii akausoma peke yake, kimya, neno kwa neno.