Vita vya Dunia na Mbingu Mjini Kiwamba

Zama hizo, mji wa Kiwamba ulikuwa na vita viwili. Vya mikuki, dhidi ya majirani, vilipumzika masika. Vya Mwalimu Shekuwe na Mwalimu Famau havikupumzika hata wakati wa kula.

Wote wawili walipima nyota kwa usturlabu, kile chombo cha shaba cha wanajimu, na wote walikuwa na kanzu zenye madoa ya wino. Famau alifundisha kwamba dunia imetulia, nazo mbingu zimeifunika kama maganda ya kitunguu. Shekuwe alifundisha kwamba dunia yenyewe inazunguka kama pia ya watoto.

Siku moja walibishana barazani mpaka majemadari wakasahau walichoitiwa. Malkia Mwana Shufaa akasimama.

"Basi! Atakayeshindwa leo atatoka lango kuu, na asirudi."

Famau akainua ndimu. "Mwana, dunia ingekuwa inakimbia, ndimu hii nikiirusha juu ingeangukia kwa jirani." Akairusha. Ikarudi kiganjani. Majemadari wakapiga vigelegele kama wanawake wa harusini.

Shekuwe aliifikiria nyumba yake. Kisha akasema, "Mwana, panda machela yako. Wachukuzi wakimbie, nawe urushe ndimu."

Wachukuzi wakatimua mbio. Malkia akarusha. Ndimu ikarudi mapajani mwake, haikubaki nyuma hata kidogo. Akarusha tena. Alipendezwa mno, akawazungusha wachukuzi mji mzima hadi wakaomba wapelekwe vitani wakapumzike.

"Sijaona kwamba dunia inazunguka," alihukumu. "Nimeona kwamba hoja ya Famau imekufa. Aende."

Famau alifunga virago. Alipofika langoni, alimkuta Shekuwe ameketi juu ya mzigo wake mwenyewe.

"Umekuja kunicheka?"

"Nakwenda nawe."

"Umeshinda, mwendawazimu wewe! Nyumba unayo, wanafunzi unao."

"Wananikubalia kila kitu," alisema Shekuwe, uso umemkunjamana. "Nikisema mwezi ni chapati, wanaandika. Nitabishana na nani?"

Famau aligeuka upande, akajifuta macho, akasingizia vumbi.

Masimulizi ya Kiwamba yametunza majina ya majemadari wote, hata waliokimbia. Kuhusu safari ya wazee hawa wawili hayakutunza lolote, ila kwamba walinzi wa lango waliwasikia mpaka walipopotea kwenye kona.

"Shekuwe, miguu inaniuma. Kama dunia yako inazunguka kweli, si tukae hapa itufikishe?"

"Tembea, mzee. Jibu lake ni refu."