Vichwa Visivyokaa Kitini

Jumamosi asubuhi, kwenye lile duka la jumla la rasta, hapapitiki. Wasusi wa mji mzima hununua pale, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Msusi wetu alikuwa amebana pakiti nane kwapani, kichana cha mkia amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Aliponyoosha mkono kuchukua pakiti ya tisa, mkono wa mwanaume ukaiwahi.

"Samahani dada, naipiga picha tu. Hii rangi ya kahawia inaitwaje?"

"Inaitwa thelathini na tatu. Na haipigwi picha, inanunuliwa."

"Mbona mkali?"

"Nina mteja kitini, nimemsuka nusu kichwa. Ukimwona yeye ndiyo utajua ukali."

Yule mwanaume akacheka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, lakini viatu vyake vilijaa vumbi. Msusi aliviona vyote viwili, akashindwa kujua aamini kipi.

Alisema ana blogu ya mitindo ya nywele, na anatafuta saluni atakamoruhusiwa kupiga picha.

"Inasomwa na watu wangapi?"

"Mia mbili kwa siku."

"Hao si ndugu zako wote?"

"Ndugu zangu hawasomi, dada yangu."

Hapo msusi naye akacheka, na kucheka kwenyewe ndiko kulikomponza. Wiki iliyofuata yule mwandishi wa blogu alikuwa amekaa kwenye benchi la saluni ya shangazi yake msusi, kamera mapajani, anasubiri kichwa kikamilike.

Shangazi mtu hakupendezwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufukuza kuku. "Mwanaume anayeshinda saluni," alisema bila kupunguza sauti, "ama anauza kitu, ama anaficha kitu."

"Shikamoo shangazi," mwandishi akajibu.

"Marahaba. Na kuuza, huuzi."

Ila mapenzi hayana masikio. Msusi alikuwa mashoto, na mstari wa mwisho nyuma ya sikio la kushoto alikuwa akiukunja kidogo, kama ndoano. Hakuna aliyemfundisha, mkono wake uliupenda tu. Siku moja mwandishi akamwambia, "Hata nikimkuta mtu njiani, nikiona ile ndoano, najua amepita mikononi mwako." Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yake hivyo. Siku hiyo alimsuka mteja huku akitabasamu peke yake, mpaka mteja akauliza kama kuna chawa wa kuchekesha.

Baada ya miezi saba mwandishi akamwomba wafunge ndoa.

"Nipe wiki mbili," msusi akasema.

"Za nini, mpenzi?"

"Za kukuangalia."

Sababu alikuwa nayo. Mwandishi alikuwa ameacha kuja na kamera. Alisema amepata saluni nyingine upande wa pili wa mji, yenye wateja wengi zaidi. Huenda huko Jumanne na Ijumaa, na simu huzimwa mpaka jioni. Na kweli blogu ilikuwa imepaa. Watu elfu tisa kwa siku! Picha zake sasa zilikuwa za ajabu, vichwa vimesukwa kama mataji, mwanga unaanguka shingoni kama umeagizwa.

Msusi alimpigia Ijumaa jioni.

"Umeshindaje, baba?"

"Salama mama. Nimechoka, wateja walikuwa wengi."

"Hongera. Msusi wa huko anaitwa nani?"

"Eh... wako wengi."

"Wengi hawana majina?"

"Mpenzi, mbona unanihoji kama polisi?"

"Polisi hawasemi baba," akasema, akakata simu.

Jumatatu akaja mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, gauni la maua limenyooshwa vizuri, simu mkononi. "Nataka huu mtindo. Nimeutoa kwenye blogu ya mchumba wako."

Msusi akaikuza picha kwa vidole viwili. Akahesabu. Njia zilizoanzia kwenye paji la uso zilikuwa kumi na nane, zilizofika utosini ishirini na tatu. Msuko mmoja ulipita chini ya mwenzake, na haukutokea tena upande wa pili.

"Mwalimu, huu msuko hauna mwanzo."

"Huwezi, sema huwezi. Kwani huyu aliyesukwa ana kichwa cha plastiki?"

"Sijasema..."

"Kuna mwenzako ameweza. Ngoja nimtafute." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Alikuwa wa tatu kuondoka hivyo katika mwezi mmoja, na benchi lililokuwa likijaa lilianza kuonyesha mbao zake.

Picha ile msusi alikuwa ameihamishia kwenye simu yake. Akaitazama tena, safari hii polepole. Nyuma ya sikio la kushoto akaona ndoano.

Kichwa kile hakuwahi kukigusa. Uso ule hakuwahi kuuona. Lakini mkono ulikuwa wake.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi akavaa miwani, akatazama, akaivua. "Kuna mwanamke amekalishwa chini akafundishwa mkono wako. Na aliyemfundisha wewe na mimi tunamjua."

Usiku ule msusi hakula. Akili ilimchorea mwanamke mrefu, mwenye kucha ndefu, anasuka huku mwandishi amesimama nyuma yake akimwambia: hapa kunja kidogo, hivyohivyo mpenzi.

Jumanne alivaa gauni la shangazi lililompwaya na miwani ya jua, akamfuata mwandishi kwa mbali. Mitaa minne, kushoto, ngazi. Hakusikia kelele za mashine za kukausha nywele. Hakunusa mafuta wala dawa. Ghorofani kulikuwa na chumba kimoja cha kompyuta za kukodi, na mwandishi alikuwa ameketi peke yake, ameupa mlango mgongo.

Kwenye kioo cha kompyuta walikuwepo wanawake wanne, wote wamesukwa, wote wanatabasamu. Mwandishi akaandika: *mwanamke, misuko ya mistari, mwanga wa asubuhi, ageuke kidogo.* Wale wanne wakafutika. Wakaja wengine wanne.

Msusi akasogea mpaka nyuma ya kiti.

"Futa huyo wa pili," akasema. "Ana masikio mawili upande mmoja."

Mwandishi aliruka nusura aangushe kiti. "Wewe! Umefikaje?"

"Kwa miguu. Msusi yuko wapi?"

"Hakuna msusi."

"Na saluni?"

"Hakuna saluni." Akajipangusa jasho. "Ni programu ya akili mnemba. Unaiandikia unachotaka, inakuchorea. Maneno matupu hayamwiti mtu kwenye blogu, mpenzi. Picha ndiyo inamwita. Za kwangu zilileta mia mbili. Hizi zimeleta elfu tisa."

Hakukuwa na mwanamke wa kucha ndefu. Msusi alikaribia kucheka. Kisha akakumbuka.

"Ndoano yangu imefikaje humo?"

Mwandishi akatazama chini. "Niliipa picha zako ijifunze. Zote nilizopiga pale saluni."

"Zote?"

"Mia nne na kidogo."

"Uliniuliza?"

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Wale wanawake walikaa kitini kwangu kwa kuniamini mimi. Uliwauliza?" Sauti ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomtisha mwandishi. "Mke mwenza ningejua pa kumshika. Huyu nimshike wapi? Wateja wananikimbia kwa kuwa nimeshindwa kusuka vichwa visivyokaa kitini, na mimi namhesabia mwalimu njia kama mwendawazimu, kumbe wewe unajua! Umeniacha nijione sijui kazi."

"Niliona aibu. Ulishawaambia watu mchumba wako ni mpiga picha."

"Wiki mbili zinaisha Jumamosi," msusi akasema akishuka ngazi. "Usije."

Mwandishi alipiga simu siku ile mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Namba unayopiga imekasirika," akajibu shangazi. "Tafadhali usijaribu tena."

Jumamosi mwandishi akaja. Saluni ilikuwa na wanawake watano, na kitini alikuwa amekaa yuleyule mwalimu, amezunguka saluni nne bila kumpata wa kumsuka lile taji la kwenye picha, amerudi amenuna. Mwandishi akasimama katikati ya sakafu yenye vipande vya rasta.

"Nilikwambia usije," msusi akasema bila kuinua macho.

"Nimekuja kwa hawa." Akawageukia wateja. "Mabibi, zile picha kwenye blogu yangu si za watu. Zimechorwa na mashine. Vichwa vile havipo popote, na hakuna msusi duniani anayeweza kuvisuka. Mashine ilijifunza kwa mikono ya huyu hapa na kwa vichwa vyenu, na sikumwomba yeyote ruhusa. Zilizotokana na hapa nimezifuta tangu Jumatano. Zilizobaki, za kabla mashine haijajifunza hapa, nimeandika chini yake kwamba ni za mashine."

"Na wasomaji?" mmoja akauliza.

"Jana walikuwa elfu tatu. Leo sijathubutu kuangalia."

"Maskini, shati lenyewe limekunjamana," mwingine akanong'ona, na mwenzake akamfinya anyamaze.

Mwalimu akageuka na nusu kichwa chake. "Kwa hiyo mimi nilimtukana msusi wangu kwa ajili ya kichwa ambacho hakipo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Piga magoti."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine amesema uongo humu? Darasani kwangu hupigwa magoti."

Mwandishi akapiga magoti. Wanawake wakashika midomo. Msusi akaweka kichana chini, akamtazama kama anayetafuta pa kuanzia kufumua.

"Kila picha ya kichwa kilichopita mikononi mwangu, unaniuliza kwanza."

"Nakuuliza."

"Na mwenye kichwa naye anaulizwa."

"Anaulizwa."

"Simu haizimwi Jumanne."

"Haizimwi siku yoyote."

"Usidhani nimekuamini. Nitakuchunguza. Nitakuuliza umetoka wapi, uko na nani, na huyo nani anaitwa nani."

"Sawa. Mpaka lini?"

"Mpaka nizeeke," msusi akasema, akachukua kichana chake na kuendelea na kichwa cha mwalimu.

Mwandishi akabaki palepale sakafuni, mdomo wazi, akigeuza macho kwa mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumweleza kama amesamehewa au amefukuzwa.

"Nyanyuka, kijana," shangazi akasema. "Wiki mbili zimeisha, umeshajibiwa."