Shuka la Homa

Mgonjwa akifunikwa shuka-umeme, taa iliyo juu ya kitanda chake huwaka yenyewe. Wageni waliofika Hospitali ya Kilima cha Mawe, mjini Iringa, walipenda kusimama pale na kutazama homa ikishuka huku balbu iking'aa. Nishati imefungwa ndani ya uji. Mwili huifungua ikawa joto. Nyuzi za shuka huligeuza joto kuwa umeme, na balbu huutoa umeme kama mwanga. Nishati haizaliwi wala haifi, hubadilika sura tu. Aliyelibuni shuka hilo ni Injinia Tulalumba Mhongole, na alijivunia. Kwa nini asijivunie?

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Daktari Komba, Mngoni, mtani wake. Mngoni na Mhehe hawasalimiani bila kurushiana maneno, na mtani hanuniwi. Kila umeme wa wodi ulipoongezeka, Komba alimwambia kwamba Wahehe ni kuni nzuri, zinawaka hata zikiwa mbichi. Tulalumba alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha dada yake, Vumilia, akalazwa kwa malaria. Alipewa dawa, akafunikwa shuka, na homa haikushuka. Alikunywa uji bakuli baada ya bakuli, lakini mashavu yalizidi kuingia ndani. Tulalumba alipopiga hesabu aliona wodi inatoa umeme mwingi mno kwa wagonjwa waliokwisha kunywa dawa. Ziada hiyo ilitoka wapi? Akafungua mkanda wa shuka uliofungwa shingoni mwa Vumilia, ule alioutengeneza upime homa tu, akakuta waya ambao hakuuweka yeye. Homa ikianza kushuka, waya uliuamuru ubongo uipandishe tena. Vumilia alikuwa amekwishiwa na mafuta ya mwili. Sasa ilikuwa inachomwa nyama yake.

Alimfuata Komba ofisini, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuufungua mkanda ule. Komba hakukana. Mabwawa ya umeme yamekauka, alisema, na bila umeme ule hospitali ingefungwa.

"Tumekula sahani moja miaka yote hii," Tulalumba alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mhehe. Ukacheka."

Tulalumba hakuwa amewahi kuumizwa hivyo na mtu. Alirudi wodini mbio, akayavua mashuka yote, taa zikazimika moja moja. Wagonjwa wengine walipona. Vumilia hakuwa amebakiwa na kitu mwilini cha kumponya. Alifariki kesho yake mchana, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha Tulalumba, na joto lake likahamia humo taratibu mpaka likaisha.

Siku ya mazishi Wangoni walifika kama ilivyo desturi. Walijilaza mbele ya jeneza, wakakataa kupisha mpaka wapewe chochote, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Komba alikuwa mmoja wao. Msibani mtani haalikwi wala hafukuzwi. Tulalumba akasimama mbele ya ukoo mzima, akamfukuza.